Sura ya Mtu na Haki ya Njia

Likizo ikimalizika, simu za wenzetu waliotoka Mombasa, Lamu na Unguja hurudi zimejaa. Hamali anasukuma mkokoteni Marikiti, shati limelowa jasho. Mzee amesinzia barazani, kofia imemshukia usoni. Mama mwenye buibui anakatiza kichochoro, nyuma yake mlango wa nakshi. Ni picha nzuri, hilo halina ubishi, na husambaa kabla mwenyewe hajafungua begi.

Zikizungumzwa msikitini, mjadala ni ule ule: je, picha ya kamera imo katika taswira iliyokatazwa? Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, Mufti wa Misri kuanzia 1914 hadi 1920, aliandika risala akieleza kwamba kamera haiumbi kitu, inazuia kivuli tu. Wengine, akiwamo Sheikh Abdulaziz bin Baz wa Saudia, hawakuridhika na hoja hiyo, ila penye dharura. Ni mjadala wenye heshima yake. Lakini unamtazama mpigaji na picha yake mbele ya Mola. Hamali hayumo. Na mimi nadhani swali gumu liko kwake: je, sura yake ni ya kuchukuliwa tu kwa kuwa amepita njiani?

Jibu la haraka ni kwamba njia ni ya wote, na aliyetoka nje amekubali kuonekana. Hapo ndipo ninapokumbuka Hadithi ya Abu Said al-Khudri, iliyomo katika Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) aliwakataza Maswahaba kukaa njiani. Waliposema hawana budi, ndipo mahali pao pa mazungumzo, akawaambia basi waipe njia haki yake. Walipouliza haki hiyo ni ipi, la kwanza alilotaja ni kuinamisha macho. Kisha kutoudhi watu, kuitikia salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Angalia vizuri: hayo hayakusemwa juu ya nyumba ya mtu. Yalisemwa juu ya barabara. Kwamba njia ni ya wote hakukulifanya jicho kuwa huru.

Watu wa pwani waliyajenga mafundisho haya kwa mawe. Katika nyumba za kale za Lamu huwezi kuona ndani ukiwa mlangoni. Unakutana na ukuta kwanza, halafu unakunja. Juu ya baadhi ya vichochoro kuna wikio, kivuko cha kuunganisha nyumba mbili, ili wanawake wapite bila kushuka mtaani. Na nje kuna baraza, ambayo si ndani wala si njia kamili. Mzee aliyekaa pale anakuona, lakini nawe unamwona. Anajua wewe ni mtoto wa nani. Mnatoleana salamu, na akikutazama mno watu watamsema. Kutazamana huko kuna masharti, na kila upande unabeba mzigo wake.

Simu inayavunja masharti hayo. Mpigaji anaona bila kusalimu, anaondoka na alichokiona, na kesho kinatazamwa na watu elfu ambao mzee yule hatawaona maisha yake yote. Alikubali kuonekana na mtaa wake. Kwa wengine hakuulizwa. Kadi za posta za mwanzoni mwa karne ya 20 kutoka pwani yetu zimejaa wanawake ambao chini ya picha pameandikwa kabila tu, jina hakuna. Tunazilaumu kwa kuwa wapigaji walikuwa wageni. Je, mwenyeji akifanya vivyo hivyo, kosa limekwenda wapi?

Kuna hoja ya upande wa pili, nayo ni nzito. Bila wapigapicha kama Ranchhod Oza, aliyefungua studio yake Zanzibar mwaka 1930, tusingejua mitaa ya babu zetu ilivyokuwa. Na bila kamera, dhuluma nyingi zingepita kimya. Nakubali. Anayempiga raia hadharani hana sitara ya kudai. Kumpiga picha ni kukataza maovu, na hiyo nayo ni haki ya njia. Ila hamali hajamdhulumu mtu. Anatafuta riziki. Ukisema kumwomba ruhusa kutaharibu picha, mimi nasema omba baada ya kupiga, umwonyeshe, na akikataa ufute mbele yake. Utakosa picha kadhaa nzuri. Zikoseke.

Lakini tusiwaonee wapigapicha wa vichochoroni peke yao. Tazameni kurasa za jumuiya zetu wenyewe kila Ramadhani: bibi ameshika mfuko wa unga, kamera imemkabili, nyuma yake bango la wafadhili. Huyo hata kukataa hawezi, maana futari iko mikononi mwetu. Surat al-Baqara, aya ya 264, inatuonya tusibatilishe sadaka kwa masimango na maudhi. Aya ya 271 inasema kuificha na kuwapa mafakiri ni kheri zaidi kwetu. Wafadhili wanataka ushahidi, najua, na wana haki ya kuuliza fedha zao zimekwenda wapi. Basi tupige picha magunia, stakabadhi, na mikono yetu sisi tunaopakua garini.