Kiti cha Mfalme na Kiti cha Depite

Muzee mumoja wa Tenke, wa jamaa la kifalme, aliniuliza siku moja: «Mwanangu, ninyi watu wa masomo, juu ya nini munaacha mutu ajichagulie mwenye kumurithi kiti?» Nilizani anasema juu ya ufalme. Hapana, alisema juu ya madepite.

Tuangalie vizuri. Kwa desturi, kiti cha mfalme kinabakia ndani ya jamaa, hilo kila mutu anajua. Lakini mfalme mwenyewe haamui nani atamufuata. Akikufa, wazee wanakaa, wanapima watoto na wapwa. Mwenye ugomvi anaachwa, mulevi anaachwa, hata kama marehemu alimupenda sana. Si kusema wazee wetu walikuwa malaika. Kuko waliokula mali ya watu ili kumupitisha fulani. Lakini marehemu hakuwa tena na sauti.

Sasa depite. Sheria ya uchaguzi ya mwezi wa tatu 2006, pamoja na mageuzi yake yote, inataka kila kandida apeleke majina ya watu wawili, wale tunaita supleanti. Depite akikufa, ao akiitwa kuwa waziri, supleanti wa kwanza anaingia katika Bunge kule Kinshasa, bila sisi kurudi kupiga kura. Tangu 2011 Katiba inamuruhusu hata waziri kurudilia kiti chake akitoka serikalini. Na hao wawili ni nani? Mara mingi ni bibi, mutoto ao ndugu.

Wanasheria watajibu: inchi ni kubwa, kurudilia uchaguzi kila mara depite anapokufa ni feza mingi. Ni kweli, mwenye kujua barabara za teritware ya Lubudi wakati wa mvua hawezi kubisha. Watasema tena kwamba tulikubali, kwani majina yaliandikwa. Hapo ndipo ninakataa. Mutu anakubali kitu anachokijua. Tarehe 20 Desemba 2023, mbele ya mashine, tulitafuta foto ya kandida. Nani kati yetu alijua wale wawili nyuma yake?

Na sisi wenyewe tuko na kosa. Wakati wa kampanye tunauliza chumvi, kitenge, bia. Hakuna anayeuliza: «Na ukikufa?» Tunaogopa. Kumutajia mutu muzima kifo chake, kwetu inafanana na kumuloga. Basi woga wetu ndio unamupa yeye nafasi ya kupanga urithi kimya-kimya.

Nilimwambia muzee: supleanti wasimame pamoja na kandida pale gare ya Tenke, mbele ya watu wote, nasi tuwaulize maswali.

Akacheka. «Bibi yake atasema nini?»

Nikajibu: aseme tu, tumusikie.