Kitu Kilichookotwa ni cha Nani?

Mtu akiokota mkoba wa fedha njiani, sote twajua limpasalo kufanya: amtafute mwenyewe, amrudishie. Lakini ikiwa mwenyewe alikufa miaka 1,400 iliyopita, wala hakuacha mrithi ajulikanaye, je, aliyeokota adaiwa nini? Na ni nani amdaiye?

Msomaji, usidhani kwamba swali hili ni la kubuni tu. Huko Uingereza watu wengi hutumia siku zao za mapumziko kutembea mashambani wakiwa na chombo kinacholia kipitapo juu ya metali iliyofukiwa. Aghalabu hufukua misumari na vifuniko vya chupa. Mara mojamoja, hata hivyo, hutokea bizimu, yaani pambo lenye pini ambalo watu wa kale walifungia nguo begani. Tuseme mmoja wao amepata bizimu la shaba lililogeuka kijani kwa ukongwe. Juu lina vifundo vitatu, katikati limepinda kama upinde, na chini limeishia kwa sura ya kichwa cha farasi. Mwenye shamba alimruhusu kutafuta, wala hana neno.

Mtaalamu akiliona umbo hilo atatambua kwamba ni pambo la mwanamke wa Kianglo-Saksoni, wa karne ya 5 au ya 6. Pini yake ilikuwa ya chuma, nayo imeliwa na kutu. Lakini ndani ya kutu hiyo pengine zimebaki alama za nyuzi za vazi lenyewe. Aliyelipata akilisugua kwa brashi ili ling'ae, amelifuta vazi hilo milele. Kisha mtaalamu atauliza: Lilikuwa wapi hasa? Kina gani? Pamoja na nini? Likiwa katika udongo uliokwisha kupinduliwa na plau, lina habari yake. Likiwa chini zaidi, huenda pana kaburi, na mwenye bizimu bado amelala papo hapo. Kwa hiyo pambo lenyewe ni nusu ya ushahidi. Nusu ya pili ni mahali lilipolala.

Sasa tutazame sheria. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1996 humlazimisha mtu aliyepata pambo la dhahabu au la fedha, lenye umri wa zaidi ya miaka 300, kutoa taarifa kwa ofisa anayehusika katika muda wa siku 14. Lakini bizimu moja la shaba kwa kawaida halimo katika sheria hiyo. Upo mpango ulioanzishwa mwaka 1997 wa kuandikisha vitu vya namna hiyo, nao umekwisha kuandika vitu zaidi ya milioni 1. Ila kuandikisha huko ni kwa hiari. Asiyetaka ataliuza bizimu lake au atalitia sandukuni, na hakuna askari atakayembishia hodi. Je, yu huru kufanya hivyo?

Wako wasemao ndiyo. "Chombo nilinunua mimi," husema, "na jasho ni langu. Lau nisingalilitoa, plau ingalilivunja." Hoja hii si ya kudharauliwa, maana plau huharibu vitu vingi vya kale. Jasho lampa mtu haki ya kushukuriwa, na pengine hata ya kulimiliki bizimu. Lakini halimpi haki ya kuipoteza habari iliyomo, kwa kuwa habari hiyo haikutokana na jasho lake. Aliyelifua pambo ni mwingine, aliyelivaa ni mwingine, na wengi watakaotaka kujua maisha yao bado hawajazaliwa.

Fikiri juu ya mambo mawili yaliyotokea mwaka 2015. Katika jimbo la Herefordshire watu wawili walifukua mapambo na sarafu za karne ya 9, zikadiriwazo kuwa 300 hivi, wakazificha na kuziuza. Mahakama iliwatia hatiani mwaka 2019, lakini sarafu nyingi zilikuwa zimekwisha kutawanyika. Baadhi ya zile zilizookolewa zina picha ya watawala wawili walioketi pamoja, nazo zilitolewa na Alfred, mfalme wa Wessex, na Ceolwulf wa Pili, mfalme wa Mercia. Kitabu cha tarehe kilichoandikwa upande wa Alfred kilimwita Ceolwulf mpumbavu. Sarafu zaonyesha kwamba wafalme hao walishirikiana. Marehemu huyo hakuweza kujitetea kwa zaidi ya miaka 1,100. Mashahidi wake walikuwa ardhini, nao walipotoka waliuzwa kwa siri.

Mwaka uo huo, huko Watlington katika jimbo la Oxfordshire, mtu mwingine alipata hazina ya zama zile zile. Yeye alitoa taarifa, na wataalamu wakaiinua pamoja na udongo wake. Leo imo katika makumbusho ya Ashmolean, mjini Oxford, na sarafu zake, karibu 200, husomwa na kila atakaye.

Labda utasema: hizo zilikuwa fedha, bizimu letu ni shaba tu. Lakini mfalme alikuwa na waandishi, hata kama walimsingizia. Mwanamke aliyevaa bizimu hakuandikwa na mtu yeyote. Hana shahidi mwingine ila pambo hilo. Kwa hiyo deni letu kwake, nionavyo mimi, ni kubwa kuliko deni letu kwa mfalme.

Hapa kwetu Kenya sheria ya mwaka 2006 yaagiza kwamba mtu agunduaye kitu cha kale aitaarifu Makumbusho ya Taifa. Basi ikiwa siku moja jembe lako litagonga kigae cha kale au ushanga usiofanana na wa siku hizi, usikioshe wala usikihamishe kabla ya kuita ajuaye. Pengine hakuna atakayekuona. Hata hivyo, yuko mtu ambaye habari zake zote zimo mkononi mwako.