Usisome Tu, Sema: Keisi ya Kwanza Ifanye Wiki Hii

Simu za vijana wengi wanaotamani kazi ya ushauri elekezi zimejaa vitabu vilivyopakuliwa. Case in Point cha Marc Cosentino kimo, slaidi za vyuo vya Marekani zimo, video za saa nzima zimehifadhiwa zisubiri siku yenye nafasi. Kinachokosekana ni sauti ya mwenye simu akijibu swali moja, mwanzo mpaka mwisho, mbele ya mtu anayemsikiliza. Mdogo wangu, nakuandikia ili uanze na hicho, wiki hii, hata kama bado hujioni tayari.

Usaili wa keisi hauna uchawi. Msaili anakueleza tatizo la kampuni: faida imeshuka, au wanataka kuingia soko jipya, au wanafikiria kumnunua mshindani. Unayo karatasi na kalamu, na kwa kama nusu saa mnalichambua pamoja. Kampuni za ushauri za McKinsey, BCG na Bain zinasaili hivyo dunia nzima, na mbili za kwanza zina ofisi Nairobi. Wasaili wao hawaangalii umekariri nini. Wanaangalia kama unaweza kutulia mbele ya jambo usilolijua, ukaligawa vipande, ukapiga hesabu bila kikokotoo, kisha ukasema la kufanya. Ndiyo maana wanaajiri wahandisi na madaktari, wala si waliosomea biashara peke yao.

Tuchukue moja. Kampuni ina mabasi 10 ya Dar es Salaam kwenda Mbeya. Mwaka jana ilipata faida, mwaka huu inaingia hasara, na mwenye mali anauliza afanye nini. Usikimbilie jibu. Omba dakika moja, andika: faida ni mapato ukitoa gharama. Mapato ni nauli mara abiria mara safari. Gharama zipo za aina mbili: zile zinazolipwa gari liende lisiende, kama mkopo, bima na mishahara ya ofisini, na zile zinazokuja na safari yenyewe, kama mafuta, matairi, posho ya dereva na ya kondakta.

Sasa anza kuuliza. Nauli imebadilika? Haijabadilika, anasema, ni shilingi 50,000. Mafuta? Yamepanda kidogo tu. Abiria? Hapo msaili anainua macho. Basi lililokuwa likiondoka na abiria 45 siku hizi linaondoka na 33. Abiria 12 kwa 50,000 ni shilingi 600,000 zinazopotea kila safari. Kama kila basi linafanya safari moja kwa siku, mabasi 10 yanapoteza milioni 6 kila siku. Itaje namba hiyo kwa sauti, halafu fuata kilicho nyuma yake: watu wamepunguza kusafiri, au wamehamia kwenye basi la mtu mwingine? Maana tiba ya hili si tiba ya lile. Kama wamehama, utauliza wamefuata nini kule: nauli nafuu, muda wa kuondoka, au gari linalofika salama?

Hakuna kitu hapo ambacho mtu aliyewahi kusubiri gari Stendi ya Magufuli hakijui. Unayo mali ghafi tayari. Kilichobaki ni kuipanga na kuisema.

Hata maswali ya kukadiria yako hivyo. Ukiulizwa mitungi mingapi ya gesi ya kupikia hujazwa Dar es Salaam kwa mwezi, anza na sensa ya 2022: watu karibu milioni 5.4. Weka watu 4 kwa kaya, unapata kaya 1,350,000. Chukulia nusu ya kaya hizo zinapikia gesi, na kila kaya inamaliza mtungi mdogo mmoja kwa mwezi: mitungi 675,000. Kisha jikosoe mwenyewe kabla hujakosolewa: mama lishe umemweka wapi? Na kaya inayochanganya gesi na mkaa? Msaili anafuata njia uliyopita kuliko namba uliyofikia.

Yapo mawili yatakayokutesa kuliko hesabu. La kwanza ni Kiingereza, kwa sababu usaili huu hapa kwetu hufanyika kwa Kiingereza na wengi wetu tunafikiri kwa Kiswahili. Usione aibu. Keisi chache za mwanzo zifanye kwa Kiswahili kitupu mpaka mantiki ikae sawa, ndipo uzirudie zilezile kwa Kiingereza. Ukijifunza yote mawili kwa mpigo, utadhani hujui kufikiri, kumbe ni ulimi tu haujazoea.

La pili ni malezi. Tumefundishwa kuwa mwenye adabu halipui jambo: anasalimia, anazunguka, anafika mwisho. Mezani kwa msaili unaanza na jibu. Barbara Minto, mwanamke wa kwanza mwenye MBA kuajiriwa na McKinsey kama mshauri, mwaka 1963, ndiye aliyeueneza utaratibu huu kwa kitabu chake The Pyramid Principle: jibu juu, sababu chini yake. Jizoeze. Mtu akikuuliza mechi ilikuwaje, taja matokeo kwanza, ndipo utoe sababu.

Na haya yote yanataka mdomo. Kusoma keisi bila kuzisema ni kama kutazama mazoezi ya Yanga ukiwa jukwaani: mbinu zote unazijua, pumzi huna. Tafuta wenzako wawili. Mmoja awe msaili, mmoja ajibu, wa tatu aandike anachokisikia, kisha mbadilishane. Usimlipe mtu hata shilingi kwa sasa. Kampuni zenyewe zimeweka keisi za mazoezi bure kwenye tovuti zao. Jirekodi kwa simu, ujisikilize usiku huohuo. Mara ya kwanza utapata kigugumizi, utadondosha sifuri, utasahau ulichoulizwa. Rudia keisi hiyohiyo kesho yake. Hesabu za kichwa zifanyie kwenye daladala.

Nalitaka hili kwa dhati, na si kwa ajili ya mshahara wako tu. Maamuzi mazito kuhusu benki, bandari, mashamba na hospitali zetu yanapita mikononi mwa washauri. Mezani pale nataka awepo mtu anayejua kwa nini mama wa sokoni anaweka fedha zake kwenye kikoba wakati tawi la benki liko hatua chache kutoka kwenye meza yake. Mtu huyo ni wewe, ukikubali kufungua mdomo.

Basi mwandikie rafiki sasa hivi: Jumamosi saa nne asubuhi, njoo na kalamu. Swali la kuanzia hili hapa. Duka la dawa mjini Morogoro limeongeza mauzo kwa asilimia 20 mwaka huu, lakini faida yake haijasogea hata shilingi moja. Mwenye duka anataka kujua kwa nini, na afanye nini. Washa kinasa sauti cha simu, uanze kusema.