Kujitayarisha na Kutawakali

 

Katika darasa letu la baada ya Maghribi, ndugu mmoja mkaazi wa Majengo alituuliza swali ambalo tuliona halifai kujibiwa kwa maneno mawili kisha likaachwa. Alisema: "Sheikh, nimeanza kuweka maji na chakula nyumbani kwa kuchelea mafuriko. Jirani yangu amenicheka. Ameniambia lililoandikwa halifutiki, na kwamba mtu mwenye imani hawekei balaa akiba. Je, nimekosea?"

Jawabu letu lilikuwa kwamba hakukosea, bali amefanya lililompasa. Na kwa kuwa jirani yule si mmoja, bali wako wengi wasemao kama yeye, na wengine wao husema juu ya mimbari, tumeona jawabu hili liandikwe.

Tutazame kwanza mahali tunapokaa. Jina lenyewe la Nairobi limetokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi, na mji umejengwa mahali palipokuwa kinamasi. Mitaa yetu ya upande wa mashariki, tangu Pumwani na Shauri Moyo mpaka Eastleigh, Mathare, Huruma na Dandora, imepakana na mito miwili, Mto Nairobi na Mto Mathare. Usiku wa kuamkia Jumatano tarehe 24 Aprili 2024, yaani katika Shawwal ya mwaka 1445, Mto Mathare ulifurika watu wakiwa usingizini. Wako waliopanda juu ya mapaa ya mabati pamoja na watoto wao, wakangoja kupambazuke. Katika masika ile, nchi nzima ilipoteza watu wanaokaribia 300. Na hata miezi mitatu ilikuwa haijatimia tangu usiku wa tarehe 1 Februari, lori lenye gesi liliporipuka Embakasi, moto ukaruka mpaka kwenye majumba ya watu, wakajeruhiwa zaidi ya 200 na wengine wakafa. Wala hatujasahau Ijumaa ya tarehe 29 Aprili 2016, jengo la ghorofa lilipoporomoka Huruma usiku wa mvua kubwa na kufukia watu wapatao 50 wasitoke hai.

Hatutaji haya kwa kutia watu hofu. Twataka msomaji azingatie jambo moja. Katika msiba kama huo, mtu wa kwanza kufika si askari, wala si gari la zimamoto. Ni jirani. Huruma ni wakaazi wenyewe walioanza kuchimba kwa mikono. Mtoto mchanga alitolewa hai chini ya kifusi baada ya siku tatu na zaidi, na wengine wakatolewa hai siku ya sita. Msaada wa wakubwa huja, nao tunaushukuru, lakini huja barabara ikipitika. Siku mbili tatu za mwanzo ni zako wewe mwenye nyumba, na ni za jirani yako.

Sasa turudi kwenye neno la yule jirani. Kila ufikapo mwezi wa Muharram twasikia mawaidha ya Hijra, na sehemu kubwa ya mawaidha hayo ni juu ya buibui na njiwa. Khabari za buibui na njiwa wanazuoni wa Hadithi wamezisemea isnadi zao, nasi hatutaki kuingia humo leo. Ajabu yetu ni kwamba yale yaliyothubutu katika Bukhari twayapita mbio. Sayyidna Abubakar alilisha ngamia wawili kwa miezi minne akiwaweka tayari kwa safari. Binti yake Asma alikata mshipi wake akafungia chakula. Mwanawe Abdullahi, kijana mwerevu, alishinda Makka akisikiliza yasemwayo, na giza likiingia akayapeleka pangoni. Amir bin Fuhaira alipitisha mbuzi wake pale jioni wapate maziwa. Na kiongozi wa njia alikuwa mtu asiyekuwa Muislamu, lakini aliijua njia, akaaminiwa na ngamia, akaagiziwa afike pangoni baada ya siku tatu.

Hebu hesabu, ewe ndugu yetu: kipando, chakula, khabari, kiongozi, mahali pa kukutana, na siku ya kukutana. Hapana hata moja lililosahauliwa, na huyo ni Mtume ambaye lau angetaka angemwomba Mola wake amvushe kwa muujiza. Na lile neno la kumtuliza Abubakar asihuzunike, kwani Mungu yu pamoja nao, lilikuja lini? Lilikuja ndani ya pango, yote yale yakiwa yamekwisha kutengenezwa na adui amesimama mlangoni, wala hapana tena lililobaki kwa mkono wa mwanaadamu kulifanya. Hapo ndipo mahali pa kutawakali. Asiyefunga chakula, wala asiyejua njia, kisha akasema "nimetawakali", huyo ameacha amana ya watoto wake nje usiku na kuipa uvivu wake jina la imani.

Wala msomaji asidhani twasema hivi kwa kuwa sisi tulikuwa tayari. Mwaka ule wa 2024 twalikaa chumba cha chini, si mbali na mto. Maji yalipopenya chini ya mlango saa nane za usiku, mikono yetu ilikwenda wapi? Ilikwenda kwenye vitabu. Tulipandisha tafsiri na sherehe za Hadithi, juzuu baada ya juzuu, nasi twajiona tunaokoa elimu. Mama yetu, aliyepita miaka sabini, vijana walikuwa wamekwisha kumpandisha ghorofani. Lakini vidonge vyake vya presha vilibaki chini katika kijaluba kando ya kitanda, vikalowa vyote. Alikaa siku mbili bila dawa, na njia haipitiki. Usiku wa pili akaanza kusema maneno tusiyoyafahamu. Kijana mmoja wa ploti yetu, Mkristo, ndiye aliyetafuta njia alfajiri akarejea na dawa. Mama yu hai, Alhamdulillahi, na mpaka leo akituona tumeshika kitabu hutuuliza vidonge viko wapi.

Basi na tuanze na dawa. Kila mwenye mgonjwa wa presha, wa sukari, wa pumu au wa kifafa, na aweke dawa za wiki moja mahali pa juu, ndani ya kopo lenye kifuniko kisichopenya maji. Humo humo atie vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa, na noti ndogo ndogo kidogo. Maana fedha iliyo ndani ya simu si fedha umeme ukikatika na mtandao ukianguka. Atie na karatasi yenye nambari za simu zilizoandikwa kwa kalamu. Siku hizi hapana aijuaye kwa moyo hata nambari ya mkewe. Nambari za kuitia msaada katika Kenya ni 999 na 112, na ya Msalaba Mwekundu ni 1199. Tochi na filimbi ziwe karibu, kwani aliyefukiwa hupotewa na sauti kabla hajapotewa na pumzi.

Kisha maji. Mtu mmoja kwa siku ahitaji lita tatu mpaka nne za kunywa na kupikia kidogo tu. Nyumba ya watu sita kwa siku tatu ni lita 72, yaani jerikeni nne za lita ishirini. Tutaambiwa: "Sisi Eastlands maji ya mgao, jerikeni tunazo." Kweli, mnazo, lakini ni za kufulia na kupigia deki, na siku ya mvua kubwa huwa tupu. Twazungumza juu ya jerikeni nne zisizoguswa, zimefunikwa, haziko sakafuni, na maji yake yabadilishwa kila mwezi. Maji ya mafuriko huchanganyika na ya vyoo, na kipindupindu hufuata. Chemsha mpaka yatokote sawasawa, au tia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, usikisie. Mtoto akiharisha na paketi ya dawa ya kurudisha maji mwilini haipatikani, chukua lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari visivyojaa kilima, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Chumvi isizidi hapo. Chakula kiwe kile kisichotaka moto: tende, njugu, maziwa ya unga, biskuti. Nyumba ya Muislamu kukosa tende nje ya Ramadhani ni jambo tusilolifahamu.

Yuko atakayesema kuweka akiba ni kuhodhi. La. Kuhodhi kulikokatazwa ni kwa mfanyi biashara afichaye chakula cha watu ili kipande bei. Ama Mtume (S.A.W.) imethubutu kuwa aliwawekea watu wa nyumbani kwake chakula cha mwaka. Sisi twaomba siku tatu.

Mas'ala yanayotuhuzunisha zaidi ni ya ufunguo. Majumba yetu sasa ni ghorofa sita, saba, na kila mlango una grili, na kila dirisha lina nondo, na lango la chini hufungwa kwa kufuli saa tano, ufunguo ukalala mtoni mwa bawabu. Twajua ni kwa khofu ya wezi. Lakini mwizi huchukua televisheni, na moto huchukua watu. Katika skuli ya Kyanguli, Machakos, mwezi wa Machi 2001, wanafunzi 67 waliteketea katika bweni ambalo mlango wake mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yana nondo. Mtume (S.A.W.) alituamrisha kufunga milango usiku na kuzima moto kabla ya kulala, na aliambiwa khabari ya nyumba ya Madina iliyoungua na watu wake. Tuzifuate amri zote mbili. Lakini mlango usiofunguka kwa aliye ndani huo si mlango, ni ukuta. Ufunguo utundikwe karibu na mlango, pasipofika mkono wa mwizi na panapofika mkono wa mtoto wa miaka minane, na mtoto huyo afundishwe kuufungua gizani. Kufuli la lango la chini liwe na ufunguo katika kila ghorofa.

Mtungi wa gesi ufungwe kila usiku. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutambaa chini. Ukisikia harufu yake usiwashe taa wala usiizime, usipige simu humo ndani; fungua mlango, toa watu, wende upande upepo utokako. Na petroli ikimwagika, usikaribie. Tarehe 12 Septemba 2011 mafuta yalivuja kutoka bomba kubwa katika mtaa wa Sinai, watu wakaenda na ndoo na makopo, na moto ukaua watu wapatao 100. Hatuwalaumu maiti, umasikini ndio uliowapeleka. Lakini aliye hai na amwambie mwanawe leo.

Na maji yaendayo kasi, hata yakiwa sentimita 15 tu, yaweza kumwangusha mtu mzima. Hapa twawaomba maimamu wa mitaa yetu wahuishe sunna iliyosahauliwa: usiku wa mvua kali muadhini wa Mtume (S.A.W.) alikuwa akitangaza watu wasali majumbani mwao. Wako wazee wanaovuka mitaro Isha wakidhani wanazidisha thawabu, hali wamekwisha kupewa ruhusa.

Na wewe mwenye nyumba za kupangisha, sala yako haikuondolei dhima ya nguzo ulizozipunguza chuma. Jengo la Huruma lilikuwa limekwisha kuhesabiwa kuwa halifai kukaliwa, na kodi ikaendelea kupokewa. Hatuna zaidi la kukwambia hapa, utaulizwa kwingine.

Darasa letu limekubaliana hivi. Kabla ya kuingia masika, Jumapili baada ya Alasiri, kila mmoja wetu atakuja na karatasi ya ploti yake: nani mzee, nani kiwete, nani mjamzito, nani akaa peke yake, na ni kijana gani ameahidi kumbeba, Muislamu au asiyekuwa Muislamu. Kila nyumba itachagua mahali palipoinuka pa kukutana, asije baba akarudi ndani ya maji kumtafuta mwana aliyekwisha kutoka. Wasioweza kununua jerikeni watanunuliwa kutoka sanduku la darasa. Mwaka huu hatutapika pilau ya hitma.

Ndugu aliyetuuliza alitwambia Ijumaa iliyopita kwamba jirani yake amekuja kuazima jerikeni moja. Tumemwambia ampe mbili, na amwonyeshe ufunguo unapotundikwa.