Mshika Mbili na Upinde wa Zeze

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Hapa kwetu Sumbawanga kijana mwenye vipaji viwili hutupiwa msemo huu kila siku. Ukiimba kwaya Jumapili na kupiga gitaa la dansi Jumamosi, watu watakuuliza: wewe ni wa wapi hasa? Ndugu msomaji, hebu tulipime swali hilo. Je, msanii anayevuka kutoka muziki mmoja kwenda mwingine anaisaliti asili yake?

Tuanze na chombo chenyewe. Selo ni fidla kubwa ya Ulaya yenye nyuzi nne. Mpigaji hukaa, akaibana kwa magoti, akaichua kwa upinde. Wazungu waliiunda kwa ajili ya muziki wao. Lakini nenda Unguja, utaikuta kwenye taarab, pamoja na kanuni, udi na akodiani. Hakuna anayesema selo imeisaliti Ulaya, wala kwamba taarab imepoteza Uswahili wake. Basi kwa nini tumhukumu binadamu kwa jambo ambalo chombo kimesamehewa?

Huku bara tunaye hayati Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma. Alipiga zeze, ambalo nalo huchuliwa kwa upinde, tena akapiga ilimba. Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam miaka ya 1960, na baadaye akafundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Mwaka 2002 ilitoka albamu ya Assembly, aliyoifanya na mpiga gitaa wa Kanada, Michael Brook. Mwaka uliofuata akafariki. Ndani ya albamu hiyo mna magitaa na mitambo ya kisasa. Mtu anaweza kudai eti huyo si Mgogo tena. Sikiliza vizuri, bwana: sauti ni ile ile, na ilimba ni ile ile.

Kwa maoni yangu, kuvuka si usaliti. Usaliti huanza pale mtu anapovuka kwa sababu anaona haya kwao. Anayevuka na mzigo wake ameongeza. Anayeutupa mpakani ili apokelewe, huyo ameuza. Tena kuna swali la pili: nani kashika usukani? Kama msanii anaitwa ili awe chumvi tu katika mchuzi wa mwingine, ajiulize mara mbili, hata kama pesa ni nzuri.

Nasema haya kwa kuwa yananihusu. Nimemaliza kidato cha nne, naandika riwaya. Mtu mmoja anayeijua biashara ya vitabu alinishauri niandike upelelezi, halafu kisa nikihamishie Dar es Salaam, kwani nani atasoma habari za Ufipa? Upelelezi nitaandika, sina shida nao. Mapenzi nitaandika, na mchezo wa redio nikiombwa. Ila mpelelezi wangu atashuka basi hapa stendi ya Sumbawanga, baridi ikimtafuna masikio, na mwizi wake atakuwa anajua Kifipa. Mswada ukikataliwa kwa hilo, utakaa sandukuni mpaka apatikane mchapishaji mwingine.

Mshika mbili moja humponyoka, sawa. Lakini zeze hushikwa kwa mkono mmoja na upinde kwa mwingine. Ukiachia kimoja, hakuna muziki.