Mkono wa Mgeni

Wako vijana wanaojifunza kujenga kwa kompyuta nyumba na njia ambazo mtu huingia na kutembea ndani yake. Chombo chao ni injini ya michezo, kama Godot, itolewayo bure. Mgeni akigeuka, picha huchorwa upya papo hapo, pengine mara 60 kwa sekunde.

Wazee wa Kiluba walikuwa na lukasa, ubao wa shanga wa chama cha Mbudye. Msomaji alipitisha kidole juu ya shanga akasimulia habari za wafalme, kwa kadiri ya wasikilizaji wake. Basi sanaa ingojayo mkono wa mtu si ngeni kwetu.

Sasa tuseme kijana wa Luena ajenga machimbo yetu ya makaa ya mawe, na mchimbaji amefukiwa humo. Mchora picha angetuonyesha tu. Mjenzi huyu lazima aamue: mgeni aweza kumfukua? Aweza kumpita? Aweza kumpiga teke, akicheka?

Wengine watasema ni mchezo, hakuna aumiaye. Hatukubali upesi. Aliyefukiwa ni picha, kweli, lakini anayechagua teke ni mtu, na aliyemwekea teke hilo ni mtu pia.

Je, afunge njia zote ila ile ya wema? Hapana. Asiyeweza kumpita mchimbaji hamhurumii anapomfukua. Aitii mashine tu. Mungu mwenyewe hakuwafunga Adamu na Eva mikono. Sisi tungemwambia kijana aiache njia ya kumpita, na teke aliondoe.