Zenoboti anatembea au inatembea?

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Vermont na Chuo Kikuu cha Tufts, kule Marekani, walitangaza kwamba wameunda roboti kwa nyama hai. Walichukua seli za kiinitete cha chura, nyingine za ngozi na nyingine za moyo, wakaziunganisha chini ya hadubini hadi zikawa donge lisilofika upana wa milimita moja. Umbo la donge lilichaguliwa na programu ya kompyuta, iliyojaribu maumbo mengi na kubakiza yale yanayoweza kusogea. Seli za moyo zikidunda, donge linakwenda. Ukilikata, linajiunga tena. Halina mdomo wala tumbo. Linaishi kwa akiba ya kiini cha yai iliyobaki ndani ya seli zake, wiki moja hivi au kidogo zaidi, halafu basi, linakufa. Waliliita zenoboti, kutokana na jina la kisayansi la chura mwenyewe, Xenopus laevis, ambaye asili yake ni huku kwetu, kusini mwa Sahara.

Sasa jaribu kutunga sentensi fupi tu kuhusu kitu hiki. Zenoboti anatembea? Au zenoboti inatembea? Chura anaogelea, mashine inaogelea. Kiswahili hakikupi pa kujificha: kabla hujamaliza kitenzi umeshatoa hukumu.

Utasema rahisi tu, kama ni hai, iwe ngeli ya A-WA. Lakini ngeli zetu hazijawahi kufuata uhai wenyewe. Mti ni hai, na tunasema unaota. Kiinitete ni hai, na tunasema kinakua, mpaka siku tuseme mtoto amezaliwa. Maiti ndiyo inayochanganya zaidi: wengine husema amelazwa, wengine imelazwa, na hakuna anayemsahihisha mwenzake msibani. Kinachoonekana ni kwamba kiambishi cha “a” tunampa yule tunayemdhania ana mwenyewe ndani, mtu au mnyama, anayeweza kutaka na kukataa.

Na hapo ndipo zenoboti inapotusumbua. (Nimeandika “inapo”, umeona. Nitaeleza.)

Wanaotengeneza vitu hivi wana sababu nzuri. Wanatarajia siku moja viweze kukusanya vipande vidogo vya plastiki majini, au kupeleka dawa mahali hasa panapouma mwilini, kisha vife na kuoza bila kuacha takataka ya chuma. Mwaka 2021 walionyesha kwamba zenoboti zikiwekwa kwenye sahani yenye seli zilizotawanyika, zinazisukuma na kuzikusanya mafungu mafungu, na mafungu hayo yanageuka zenoboti mpya. Mwaka 2023 maabara ya Tufts ikatoa anthroboti, safari hii kwa seli za koromeo la mtu mzima. Zilipowekwa juu ya seli za neva zilizochanwa, neva zilikua chini yake na kuziba mchano. Mwenye mzazi aliyepooza hatapenda kusikia mtu akikaa pembeni na kuuliza maswali ya ngeli. Namwelewa.

Basi nikubali moja kwa moja: zenoboti ya 2020 haina seli za neva wala ubongo, na sioni sababu ya kudhani inaumia. Ndiyo maana naandika “inatembea” bila kusita. Kusita kwangu kunaanza mbele kidogo. Mwaka huo wa 2022, kule Melbourne, Australia, watafiti walichapisha jinsi seli za neva kama 800,000, za binadamu na za panya, zilizokuzwa juu ya kipande cha elektroniki, zilivyojifunza kurudisha mpira katika mchezo wa kompyuta. Weka habari hizi mbili kando kwa kando: mwili unaotembea, na neva zinazojifunza. Hakuna ukuta kati yao. Kuna ngazi, na kila daraja lake ni fupi kiasi kwamba anayelipanda anaweza kusema, kwa ukweli kabisa, mbona nimepanda kidogo tu.

Je, siku tukianza kusema “anatembea”, kiumbe huyo atakuwa amepona? Lugha yetu yenyewe inajibu, tena kwa aibu. Kutumia kumetokana na kutuma. Mtumwa naye ametoka humo humo: aliyetumwa. Mtumwa alikuwa na “a” yake tangu mwanzo. Alisemeshwa, alipewa jina, na bado alihesabiwa pamoja na mali. Simfananishi mtu na donge la seli, Mungu apishe mbali. Ninachosema ni kwamba kujua huyu ni nani hakujawahi kutosha kumzuia anayefaidika naye. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe ulibaki halali kisiwani hadi 1897, kwa sababu mashamba ya karafuu yalikuwa yameshautegemea. Na ilipofika siku ya sheria, waliopangiwa fidia ni mabwana.

Faida ikishatangulia, mpaka unachorwa na mwenye shamba.

Kuna mfano wa waliojaribu kutangulia faida. Uingereza, kamati iliyoongozwa na Mary Warnock ilipendekeza mwaka 1984 kwamba kiinitete cha binadamu kisikuzwe maabara zaidi ya siku 14, na mwaka 1990 ikawa sheria. Wakati huo hakuna aliyeweza kufika hata karibu na siku hizo, kwa hiyo kukubali hakukumgharimu mtu. Mwaka 2016 maabara mbili, moja ya Uingereza na nyingine ya Marekani, zikafika siku 12 na 13, zikasimama. Mpaka ulifanya kazi. Lakini mwaka 2021 chama cha kimataifa cha watafiti wa seli shina kililegeza katazo hilo katika mwongozo wake. Uwezo ulikuwa umefika, na mpaka ukaanza kuonekana mfupi. Sheria ya Uingereza ilibaki palepale, maana haikuwa mikononi mwa watafiti peke yao.

Mimi najifunza mawili hapo. Kwanza, mpaka wa viumbe vya kuundwa uwekwe leo, wakati bado ni bei rahisi, na uwekwe kwenye neva: anayetaka kuunda mwili wenye neva zinazojifunza, ili autumie kisha autupe, yeye ndiye athibitishe kwamba hauumii, asitusubiri sisi tuthibitishe kwamba unaumia. Pili, ufunguo wa mpaka huo usikae kwa anayeuza kazi ya kiumbe hicho.

Kuna dawa ambazo zitachelewa kwa sababu hiyo, na pengine nyingine hazitapatikana kabisa. Hasara hiyo ni ya kweli, na anayetaka mpaka aitaje kwa sauti, mbele ya yule mwenye mzazi aliyepooza. Mimi naitaja, na bado nautaka.